Wapigaji Ishirini na Tano, Jina Moja

Ipo santuri moja ya inchi 12 iliyotoka Ulaya mwaka 1981, inaitwa "Burundi Black". Siyo santuri yenye umaarufu. Waulize wapenzi wa muziki wa zama zile, watakutajia Adam and the Ants, watakutajia Bow Wow Wow, na wengine watainuka kukuchezea kabisa. Hii wataisahau. Hata wanaoandika historia ya muziki huipa mstari mmoja tu, kisha wanakimbilia mambo mengine.

Mimi nasema mstari mmoja hautoshi. Mdundo uliomo ndani ya santuri hiyo haukupigwa London wala Paris. Ulipigwa kijijini Burundi, kwa jirani zetu hapa ng'ambo ya mpaka wa Kigoma, na watu wapatao ishirini na tano ambao majina yao hayamo kwenye santuri. Na kwa sisi tunaojifunza kuandika, habari ya jina kuwepo au kutokuwepo siyo habari ndogo hata kidogo.

Hebu twende taratibu. Tuanze na ngoma yenyewe.

NGOMA NA UFALME

Kirundi na Kiswahili ni ndugu, kwa hiyo neno "ingoma" halihitaji mkalimani. Lakini kwa Warundi neno hilo limebeba mzigo mzito kuliko kwetu. Ingoma ni ngoma ya kupiga, na papo hapo ingoma ni ufalme, ni utawala wa Mwami. Ngoma kuu, Karyenda, ilikuwa alama ya ufalme wenyewe. Kazi ya kupiga ilikuwa ya koo maalumu, baba akimrithisha mwana. Mpaka leo ipo sehemu iitwayo Gishora, karibu na mji wa Gitega, ambako ngoma za kifalme zilihifadhiwa, na historia yake inahusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala katika karne ya 19. Kila mwaka ulipofika wakati wa kupanda mtama ilifanyika sherehe ya Umuganuro, na hapo ngoma zilisema.

Ngoma hizi huchongwa kutoka kwenye gogo la mti uitwao umuvugangoma. Sikia jina hilo: ngoma imo humohumo ndani ya jina la mti. Viungo vyake vimepewa majina ya uzazi. Vile vijiti vinavyoishikilia ngozi ni "amabere", yaani maziwa ya mama. Ngozi inaitwa "icahi", kama ile ngozi ya kubebea mtoto mgongoni. Ni mama huyo, amesimama uwanjani.

Wapigaji wanaingia na ngoma vichwani, wakiimba. Wanajipanga nusu duara, idadi ya ngoma isiyogawanyika kwa mbili, na katikati inakaa ngoma kiongozi, inkiranya. Zipo amashakwe zinazoshika mdundo mmoja bila kuyumba, na zipo ibishikizo zinazoifuata inkiranya popote inapokwenda. Mmojammoja anatoka, anacheza, anaruka, anapiga ya katikati, anarudi. Na katikati ya yote hayo kuna maneno: tenzi za kishujaa, majigambo, sifa. Tafadhali msomaji, shika hapo kwenye maneno. Tutarudi.

Sasa tazama tarehe. Tarehe 28 Novemba 1966, Kapteni Michel Micombero alimpindua Mwami Ntare wa Tano, kijana mdogo tu, akaifuta enzi ya wafalme na kutangaza jamhuri. Mwaka uliofuata, 1967, Wafaransa wawili, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle, walikuwa Burundi na mashine zao za kurekodi. Waliirekodia Ocora, idara ya santuri ya redio ya Ufaransa. Maana yake nini? Maana yake ngoma ya ufalme iliingia kwenye utepe wakati ufalme wenyewe ulikuwa umekufa hata miaka miwili haijatimia. Wale mabwana walikuwa wanampigia nani siku ile? Mwami hayupo. Mbele yao ipo maikrofoni.

Mtu mwenye moyo wa kuandika riwaya akisikia hivyo hawezi kulala.

SAFARI YA UTEPE

Mwaka 1968 Ocora walitoa santuri ndefu, "Musique du Burundi". Ni kazi nzuri, hilo halina ubishi. Mle ndani yumo hata mwimbaji wa inanga anayeimba kwa kunong'ona, nusu sauti, nusu pumzi. Lakini huyo mnong'onaji hakuna aliyemkimbilia. Watu waliupenda ule wimbo wa ngoma.

Wa kwanza kuuchukua na kuufanyia biashara ya disko alikuwa Mfaransa, Michel Bernholc, mpiga piano na mpangaji wa muziki ambaye baadaye alifanya kazi na Michel Berger na France Gall. Aliuchukua mdundo wa Ocora kama ulivyo, akabandika vinanda na magitaa juu yake, akauita "Burundi Black". Wala hakutumia jina lake. Alijiita Mike Steiphenson, na kundi akalibatiza Burundi Steiphenson Black. Litazame jina hilo vizuri. Upande huu Burundi, upande ule Black, na katikati amejikalia Steiphenson kama bwana harusi. Kundi lenyewe halikuwepo. Kulikuwa na Bernholc studio, na kulikuwa na utepe.

Kampuni ya Barclay iliitoa mwaka 1971, na Uingereza ikapanda mpaka nafasi ya 31. Miaka kumi baadaye gazeti la New York Times liliandika kwamba ziliuzwa nakala zaidi ya 125,000, na likamwita Steiphenson Mwingereza. Bandia lilikubalika hata kwa waandishi wa habari! Yaani mtu aliyejibadilisha jina kwa hiari alikuwa na majina mawili, na wale wa kijijini hawakuandikiwa hata moja.

Mwaka 1975 akaja Joni Mitchell, yule mwimbaji kutoka Kanada, akautumia mdundo uleule katika wimbo wake "The Jungle Line". Aliufanya utepe kitanzi, ukawa unazunguka na kurudi, akaimba juu yake. Kwenye orodha ya wanamuziki wa jalada lake aliwataja kama ngoma za wapiganaji wa Burundi. Afadhali aliwataja. Lakini wapiganaji wa wapi? Hizi zilikuwa ngoma za Mwami na za mtama. Ndivyo inavyokuwa jina linapokosekana: kila mpitaji anaweka la kwake.

WIMBI JIPYA LAFIKA

Sasa tuje London. Mwishoni mwa miaka ya 1970 muziki wa panki, uliokuwa wa hasira na magitaa, ulianza kuchoka. Vijana waliotoka humo walitaka mambo mengine: vinanda vya umeme, mavazi ya ajabu, midundo ya disko. Muziki huo ukaitwa Wimbi Jipya. Malcolm McLaren, aliyewahi kuwa meneja wa Sex Pistols, alikuwa mtu wa kunusa. Kijana Adam Ant alimlipa pauni 1,000 ili ampe ushauri, na McLaren akampa kaseti ya muziki wa kusikiliza, zikiwemo zile ngoma za Burundi. Januari 1980, pauni zikiwa zimeshaliwa, McLaren aliwashawishi wanamuziki wa Adam wamwache, akaenda nao kuunda kundi jipya, Bow Wow Wow, akamweka mbele msichana mdogo aliyezaliwa Burma, Annabella Lwin.

Adam hakukaa chini kulia. Alikusanya wenzake wapya, akaweka wapiga dramu wawili badala ya mmoja ili apate uzito wa mdundo ule, akatoa "Kings of the Wild Frontier" mwaka 1980. Mapema 1981 albamu hiyo ilikuwa ya kwanza Uingereza nzima. Bow Wow Wow nao wakatoa "C30 C60 C90 Go!" mwaka huohuo wa 1980, wimbo uliotoka kwa kaseti, ukisifia raha ya kurekodi nyimbo bure kutoka redioni. Makundi yote mawili, watani wa jadi, yalikuwa yanakunywa kisima kimoja. Kisima kilikuwa Burundi.

Hapo ndipo mtu akakumbuka: jamani, si tunayo ile ya 1971? Ikachimbuliwa. Wakapewa watu wawili waitengeneze upya kwa ajili ya disko: Jean-Philippe Iliesco, mtayarishaji wa Kifaransa, na Rusty Egan, dijei wa klabu ya Blitz pale Covent Garden. Ndiyo hiyo santuri ya inchi 12 ya mwaka 1981.

Kwa nini inchi 12? Kijana wa leo anayepakua wimbo kwenye simu anaweza kuona ukubwa wa santuri ni urembo tu. La hasha. Sauti ya besi inahitaji nafasi. Kwenye santuri sauti ni mfereji uliochongwa, na besi nzito inaufanya mfereji uyumbe huku na huku kama mlevi njiani. Kwenye santuri ndogo ya inchi 7 hakuna nafasi ya kuyumba. Ukitaka wimbo mrefu, lazima mifereji ibanane, na ikibanana lazima upunguze sauti. Ukiuweka wimbo mmoja peke yake kwenye sahani ya inchi 12, mifereji inatanuka, besi inashuka mpaka tumboni. Mambo haya yalianzia New York. Tom Moulton alijaribishia wimbo mmoja kwenye sahani kubwa kuliko kawaida kwa sababu zile ndogo ziliwaishia, akastaajabu ulivyonguruma. Mwaka 1976 ikatoka ya kwanza ya kuuzwa madukani, "Ten Percent" ya kundi la Double Exposure, Walter Gibbons akiwa ameinyoosha mpaka zaidi ya dakika tisa.

Basi fikiria. Kama upo muziki uliozaliwa kwa ajili ya sahani kubwa, ni muziki wa ngoma ishirini na tano za gogo. Egan na Iliesco walilijua hilo. Wakazipa ngoma nafasi, vinanda vikakaa juu juu, watu wakacheza. Sitasema uongo kwamba ni kazi mbaya. Ngoma zinavuma mle kama mvua kwenye bati.

Lakini Rusty Egan mwenyewe alikuwa nani kabla ya udijei? Alikuwa mpiga dramu. Alipiga na Rich Kids, akapiga na Visage. Mpiga ngoma wa London jina lake likawekwa kwenye sifa za santuri kwa kuzipanga upya ngoma za watu wengine. Hao watu wengine wakabaki kuwa "Burundi". Jina la nchi nzima, watu mamilioni, halina anuani ya kupelekea cheki.

UKABILA MPYA

Tarehe 25 Novemba 1981, Robert Palmer, mwandishi wa muziki wa New York Times (siyo yule mwimbaji), alichapisha makala kuhusu Waingereza hawa na ngoma zao. Alieleza jinsi mdundo ulivyosafiri, na akasema lililofichwa: waliopiga hawakuwa wanapata mrabaha. Wimbo wa jadi usiokuwa na mtunzi anayejulikana ulihesabiwa mali isiyo na mwenyewe. Anayeuokota na kuupanga anaandikisha mpango wake, na tangu hapo unaanza kuwa na mwenyewe.

Sasa cheka au ulie. Mwaka huohuo wa 1981 chama cha makampuni ya santuri Uingereza kilianzisha kampeni kubwa dhidi ya vijana wanaorekodi nyimbo nyumbani kwa kaseti. Walichora kaseti yenye sura ya fuvu la kichwa, na maonyo kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki. Mtoto wa Liverpool akirekodi wimbo redioni, mwizi. Utepe wa kijijini Burundi ukigeuzwa santuri mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, huo ni ubunifu.

Kuna jambo moja zaidi katika makala ya Palmer, nalo ni kichwa chake cha habari. Aliliita wimbi lile "ukabila mpya". Kwa Kiingereza cha New York ilikuwa sifa ya mitindo: manyoya kichwani, rangi usoni, ngoma nyingi. Lakini hebu lisome neno hilo kwa Kiswahili. Sisi huku tukisema ukabila hatuna maana ya fasheni.

Mwaka 1972, mwaka mmoja tu baada ya "Burundi Black" ya kwanza kupanda chati, Burundi iliingia kwenye kiza. Baada ya uasi wa Wahutu kusini mwa nchi ulioua Watutsi wengi, serikali ya Micombero ilianza kuwaua Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, wauguzi. Makadirio ya waliouawa yanaanzia laki moja na kufika laki tatu. Ntare wa Tano, yule mfalme kijana aliyepinduliwa, naye aliuawa Gitega mwanzoni kabisa mwa machafuko hayo. Maelfu kwa maelfu walivuka kuja Tanzania, wakapewa mapori ya kufyeka: Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo. Kwa hiyo vijana wa Blitz walipokuwa wanacheza ukabila mpya kwenye zulia la klabu, watu waliokimbia ule wa zamani walikuwa Katumba wanalima mahindi na tumbaku. Sehemu kubwa yao walikaa huko miaka zaidi ya arobaini. Mwaka 2014 Tanzania ilitangaza kuwapa uraia wakimbizi hao wa 1972 na watoto wao, watu wapatao 162,000.

Sisemi Rusty Egan aliua mtu. Wala sisemi kila anayecheza lazima kwanza asome historia. Ninachosema ni hiki: ilikuwa rahisi kuicheza Burundi bila kuuliza habari za Burundi kwa sababu ndani ya santuri hakukuwa na mtu. Kama pangeandikwa jina moja tu la mzee mmoja, mcheza disko mmoja katika elfu angeuliza: huyu mzee yuko hai? Nchi haiulizwi kama iko hai. Mtu anaulizwa.

WALIPOKUJA WENYEWE

Julai 1982, mjini Shepton Mallet, Uingereza, lilifanyika kwa mara ya kwanza tamasha la WOMAD, ambalo Peter Gabriel alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Waliletwa wapiga ngoma wa Burundi wenyewe, kwa miguu yao, na ngoma vichwani. Waingereza waliokuwa wameuzoea mdundo kwenye santuri sasa waliona jasho. Kundi la Wimbi Jipya kutoka Liverpool, Echo and the Bunnymen, lilipanda jukwaani pamoja nao wakapiga wimbo uliojulikana kama "Zimbo". Rekodi ya siku ile iliwekwa kwenye santuri ya inchi 12 ya wimbo wao "The Cutter" mwaka 1983.

Kwa hiyo tunazo santuri mbili za ukubwa uleule, zimepishana miaka miwili. Katika ya kwanza utepe hauwezi kumjibu mtu. Katika ya pili wamesimama watu, na mpiga gitaa akikosea wanaweza kumtazama. Kama unataka somo la historia ya muziki wa dunia katika jioni moja, zitafute hizo mbili, usikilize moja baada ya nyingine.

Lakini hata siku ile walitangazwa kama kundi la kifalme la Burundi. Jina la nchi tena, na la ufalme uliokwisha kufa.

NCHI NAYO INATAKA YAKE

Hapa ndipo wenzangu wengi wangefunga makala: Wazungu waliiba, mwisho wa habari. Ingekuwa rahisi. Lakini habari haikuishia hapo.

Novemba 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Tulishangilia, na ilistahili. Kisha Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza akatia saini amri. Wanawake wasipige ngoma hizo. Kundi lolote lisipige nje ya sherehe rasmi bila kibali cha wizara, na anayetaka kupiga kwenye sherehe binafsi alipe faranga za Burundi 500,000. Yalikuwepo makundi ya wanawake wapigaji, wakaambiwa waweke mirisho chini, waimbe na kucheza pembeni. Ngoma yenye maziwa ya mama, yenye ngozi ya kubebea mtoto, mama haruhusiwi kuigusa!

Wapo wanaosema hayo ndiyo mapokeo, kwamba tangu zamani walipiga wanaume. Ni kweli zamani walipiga wanaume. Lakini zamani hapakuwa na risiti ya wizara pia. Unaona kilichotokea? Mwaka 1981 santuri ilisema ngoma hii ni ya "Burundi", na kwa kusema hivyo ikawanyima wapigaji. Mwaka 2017 amri ilisema ngoma hii ni ya Burundi, na kwa kusema hivyo ikawanyima wapigaji. Ya kwanza ilitoka kwa mfanyabiashara aliyeko mbali, ya pili imetoka kwa mkubwa wa nyumbani, na mtu aliyeshika mirisho amebaki palepale, mikono imeota sugu.

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Hii imevuma na imedumu, miaka zaidi ya hamsini sasa. Wasiodumu ni waliopiga.

KWETU SISI TUNAOANDIKA

Najua mtu atasema, wewe unatuletea santuri, sisi tunataka kuandika hadithi. Ndugu yangu, ni kitu kilekile. Kila mmoja wetu ana utepe wake kichwani: hadithi ya bibi, utani wa kondakta, msemo uliousikia kwa mama ntilie ukauweka kinywani mwa mhusika wako ukasifiwa. Bernholc hakuwa jambazi mwenye bunduki. Alikuwa msanii aliyesikia kitu kizuri, akakipenda, akakipanga vizuri, akaweka jina la kubuni. Sisi hufanya hivyo kila siku. Tofauti ni kipimo tu.

Tena kumbuka nilikwambia ushike maneno. Katika safari yote hii, kutoka Ocora mpaka Blitz, kilichosafiri ni mdundo. Tenzi hazikusafiri. Zile sifa, zile habari za mashujaa, hazikumhusu mtu kwenye sakafu ya disko. Ngoma iliyokuwa inasema ikafanywa iwe inapiga tu. Kwa mwandishi hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko hata fedha. Fedha ingeweza kulipwa baadaye. Utenzi wa mzee aliyekufa bila kuulizwa haulipiki.

Na tusijidanganye kwamba ni tabia ya Ulaya peke yake. Hapa kwetu tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, tunayo COSOTA, na bado utasikia wimbo mpya umeanza na kipande cha ngoma ya kijijini, jina la msanii liko pale, la mtayarishaji liko pale, la studio liko pale, na ngoma imeandikwa "asili". Asili ni nani? Anaishi wapi? Ana watoto wangapi?

Kwa hiyo ukienda kijijini kwenu likizo, na simu yako yenye kurekodi, ukamkuta bibi anaimba wimbo wa kutwanga ambao hujausikia popote, usianze na wimbo. Muulize kwanza jina lake, la baba yake, na aliyemfundisha wimbo huo. Andika. Muulize maneno yana maana gani, uandike nayo. Halafu ndiyo uwashe mashine.